Gitaa Katika Chumba cha Kinanda

Jumamosi, 31 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Dada yangu Edna ameoka keki ya tangawizi ya usiku wa mioto wa tarehe tano, kisha akaificha juu ya kabati kana kwamba bado nina miaka saba. Nina sitini na miwili na bado siifikii.

Nimekaa jikoni na gitaa karibu mchana kutwa. Tangu nirudi Stannerley mwezi wa Aprili nilikuwa silishiki ila kulifuta vumbi. Mgongo umekataa kulala kwenye makochi ya wenyeji kila baada ya onyesho, dereva wangu amestaafu, na nyimbo mpya zilikuwa zimenikauka kwa miaka sita nzima. Nilishaambia watu kwamba basi, nimemaliza. Leo kuna tuni imenijia wakati nalinganisha nyuzi. Fupi tu, inapanda, inasita kidogo, inashuka kwa madaha.

Edna akatoa kichwa kwenye oveni. “Hiyo nzuri. Ya nani?”

“Yangu.”

“Acha wee! Mbona hajafa mtu ndani yake?”

Dada yangu ana sahani zangu zote tisa za muziki na anasema kila moja ina maiti wanne.

Jumanne, 3 Novemba

Denis Revitt ameanguka kutoka kwenye ngazi akitoa majani kwenye mfereji wa paa lake. Amevunjika mkono wa kulia. Edna kaleta habari kutoka duka la mikate. Nikacheka. Halafu nikaona haya. Halafu nikacheka tena.

Denis ndiye mpiga kinanda wa chumba cha nyuma pale kwenye baa ya Miganda Mitatu. Jumapili baada ya tarehe kumi na moja ndipo nyimbo za Noeli zinapoanza, saa sita mchana, na zinaendelea kila Jumapili mpaka siku ya pili ya Krismasi. Ni nyimbo zetu wenyewe, si zile za redioni. Kanisa lilizitimua enzi za mababu kwa kuwa zina kelele, zikahamia baa, na hazijawahi kuomba kurudi. Baba alisimama karibu na moto akiimba besi kila mwaka mpaka vumbi la kunolea visu lilipommaliza mapafu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina sahani yangu ya kwanza na kiburi cha kutosha, nilipoingia mle chumbani na gitaa mkononi. Denis alikuwa kijana, ndiyo kwanza kapewa kinanda. Aliliangalia gitaa, akafunga kifuniko cha kinanda, akakunja mikono. Chumba kizima kikatazama bia zake, na baba akatazama yake. Nikatoka. Usiku ule nilipigiwa makofi Leeds mpaka ukumbi ukatikisika, nikaenda kulilia kwenye gari.

Nimeimba Denmark, nimeimba Ujerumani, nimeimba kwenye mahema yenye watu elfu nane wanaojua maneno ya wimbo wangu “Mnoa Visu” kuliko ninavyoyajua mimi. Chumba kimoja tu hakijawahi kuimba kitu changu. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitasema: hicho ndicho ninachokitaka.

Jumapili, 8 Novemba

Baridi kavu. Tulisimama kwenye mnara wa waliokufa vitani, kila mtu na ua lake jekundu kifuani. Baada ya tarumbeta Pauline mwenye baa akaja moja kwa moja kwangu.

“Hilary, vile vipande vya kinanda unavijua?”

Ana maana ile miziki mifupi inayoingia kati ya mstari na mstari. Nusu yake Denis anayo kichwani tu.

“Baba alikuwa akivipiga mluzi akiosha vyombo,” nikasema.

“Basi utatupigia. Kwa gitaa.”

“Waimbe bila muziki.”

Edna akadakia, “Bila vile vipande watapumulia wapi? Watakufa wote kabla ya ubeti wa tatu.”

“Na Denis anasemaje?” nikauliza.

Pauline akatazama viatu vyake. “Anasema labda kwanza wamzike.”

“Amesema hivyo?”

“Kwa maneno mengi zaidi.”

Jumatano, 11 Novemba

Nimekwenda kwa Denis. Sheila, mkewe, alinifungulia mlango akanikonyeza, sijui kwa nini. Yule bwana ameketi kwenye kiti chake, mkono umefungwa plasta mpaka kiwiko, uso kama aliyelamba ndimu.

“Binti Herbert,” akasema. “Umekuja kunicheka.”

“Nimeshacheka nyumbani. Nimekuja kwa kazi.”

“Haya, niimbie kipande cha pili cha ‘Daraja la Chini’.”

Nikakiimba kwa la-la-la. Akatikisa kichwa. “Pale mwisho hakishuki. Kinabaki juu.”

“Kinashuka.”

“Baba yako alikuwa akikosea pale pale.”

“Baba alikuwa anakiimba kabla hujajua kufunga kamba za viatu!”

Sheila akaleta chai haraka. Tulikwenda wimbo kwa wimbo, yeye akigonga mkono wa kiti kwa kidole cha kushoto, mimi nikiimba, na mpaka giza linaingia tulikuwa tumegombana juu ya nusu yake na kukubaliana juu ya nusu. Ndipo akatoa masharti. Hakuna spika. Hakuna kuimba peke yangu. Hakuna hotuba za kusimulia wimbo ulikotoka. Hakuna hata wimbo mmoja wangu.

“Na usitabasamu,” akasema.

“Nini?”

“Wewe ukitazamwa unatabasamu. Nimekuona kwenye televisheni. Mle ndani hakuna anayetazamwa.”

Nimerudi nyumbani kwa hasira, nikitembea katikati ya barabara kama ng'ombe.

Ijumaa, 13 Novemba

Mazoezi. Edna amehamia kwa jirani.

Jumapili, 15 Novemba

Nimeshindwa.

Ukungu ulikuwa mzito, watu waliingia wakijikung'uta, na kabla ya saa sita chumba kimejaa mpaka mtu hawezi kuinua kiwiko kunywa. Nikaketi mbele ya kinanda kilichofungwa, Denis pembeni yangu na mkono wake kwenye kitambaa shingoni. Hapa hakuna kukaribishana. Mtu anataja jina la tuni, na chumba kinaanza. Keith Dyson, dereva wa gari la mikate, ambaye sasa ndiye anayesimama karibu na moto mahali pa baba, akatamka “Daraja la Chini” kama anayeagiza chipsi.

Nikapiga. Watu sitini wakafungua vifua, na gitaa langu likapotea kabisa. Nilikuwa naona vidole vyangu vinakwenda ila sisikii kitu. Ilipofika zamu ya kipande cha katikati, sauti zikakatika, ukimya ukaingia, na ndani ya ule ukimya kukasikika kitu chembamba kinatekenya. Nusu ya chumba haikujua kimeanza, wakaingia mapema. Nusu nyingine wakangoja. Ukawa mgongano wa magari.

Mzee Wilf Bramall, mwenye miaka tisini na mmoja na kiti chake kisichokaliwa na mtu mwingine, akauliza kwa sauti ya kiziwi, “Hilo sanduku linalia au linakohoa?”

Mabaya zaidi ni katikati ya wimbo na wimbo. Mimi nyuzi zangu sizifungi kama watu wengine. Kila wimbo una ufunguo wake wa sauti, kwa hiyo lazima nikaze huu na nilegeze ule, na wakati wote huo watu sitini wanakohoa na kutazama dari. Denis akanywa bia yake. Ningefurahi kama angenitukana.

Kwenye klabu zetu za waimbaji, hata ukiharibu, mtu anapiga makofi kwa huruma. Humu hakuna makofi, ukifanya vizuri wala vibaya, kwa kuwa hakuna anayemwimbia mwenzake. Miaka arobaini nimekula kwa makofi. Leo nimeona ninavyokuwa bila hayo, na sikupenda nilichokiona.

Jumatatu, 16 Novemba

Sikutoka kitandani mpaka mchana. Edna akaweka kipande cha keki mlangoni, akaondoka bila kejeli. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumatano, 18 Novemba

Simu imelia nikiwa nakula. Denis.

“Kaa kwenye kona,” akasema bila salamu. “Ile ya mbao, mgongo ukutani. Kinanda kiko pale kilipo kwa sababu mimi natosha pale, si kwa sababu ya sauti. Na weka nyuzi nene.”

“Denis, kwani unataka niweze?”

“Nataka waimbe,” akasema, akakata simu.

Nyuzi nene zimenichana ncha za vidole. Nimevitia vidole kwenye siki kama nilivyofanya nikiwa na miaka kumi na tisa.

Jumapili, 22 Novemba

Kona imefanya kazi! Ule ukuta wa mbao unaichukua sauti ya gitaa na kuizungusha chumba kizima. Nilipopiga kipande cha kwanza cha “Kisima cha Juu” nikaona mabega ya watu yanashuka, wakapumua mahali pa kupumua, wakaingia pamoja. Keith akanitazama juu ya glasi yake, akarudisha macho kwenye moto.

Na ule ukimya wa kukazia nyuzi niliupatia dawa. Badala ya kuzikwaruza nyuzi moja moja, nazijaribu kwa ile tuni ya jikoni. Inagusa nyuzi zote sita, kwa hiyo nikifika mwisho wake najua kama gitaa limekaa sawa. Niliipiga labda mara kumi leo. Watu waliagiza bia, walisemeshana, hakuna aliyeisikiliza. Si kuvunja sharti la Denis. Ni kulinganisha nyuzi tu.

Yeye alinitupia jicho mara moja. Nilikuwa sitabasamu.

Alhamisi, 26 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya chai.

Jumapili, 29 Novemba

Lazima niandike hili sawasawa, maana hata mimi siliamini.

Chumba kilikuwa na moto mkubwa, madirisha yametoa jasho. Tumemaliza “Kisima cha Juu”, nimeanza kukaza nyuzi, nimeingia kwenye tuni yangu. Nikasikia mtu anaivumisha puani. Mmoja kwenye mlango. Halafu wawili walio karibu na meza ya pai. Nikadhani masikio yananidanganya.

Nilipomaliza, Mzee Wilf akagonga fimbo yake chini. “Wewe binti! Huo unaupiga mbio mno.”

“Upi, Mzee Wilf?”

“Huo huo wa katikati. Babu yangu alikuwa akiuimba taratibu. Hukufundishwa?”

Chumba kikageuka kunitazama, jambo ambalo si kawaida.

“Huo si wa hapa,” akasema Keith. “Huo wa Bradthorpe. Mjomba wangu wa Bradthorpe anaujua.”

“Bradthorpe!” Mzee Wilf akawaka. “Bradthorpe walituibia! Hao hata kengele ya kanisa waliiba!”

“Kengele walinunua, mzee.”

“Waliiba, na tuni wakaiba. Anza tena, binti, polepole safari hii.”

Nikaanza tena, polepole. Mungu nisamehe, kweli polepole inapendeza zaidi.

Denis alikuwa anatazama bia yake. Ila nyuma ya shingo alikuwa mwekundu kama mtu anayezuia chafya.

Jumanne, 1 Desemba

Baridi ya kukata masikio. Nimegombana na Edna.

“Waambie,” anasema.

“Niwaambie nini? Kwamba Mzee Wilf anaota?”

“Kwamba ni wako! Wewe si ndiye uliyeipeleka kampuni ile mahakamani?”

Ni kweli. Walichapa “Mnoa Visu” na chini yake wakaandika kwamba ni wimbo wa jadi, kana kwamba baba yangu na kikohozi chake ni mali ya umma. Nilipigana nao hadi jina langu likarudi, na nilitembea kifua mbele mwaka mzima. Kila nilichonacho nimekipata kwa kuwa jina langu liko chini ya wimbo. Sasa kuna tuni ya kwanza baada ya miaka sita, pengine ya mwisho, na mzee mmoja amempa babu yake.

“Halafu ukiwaambia itakuwaje?” Edna akauliza baadaye, akiwa amepoa, akinikatia keki.

Nimekula vipande vitatu.

Jumapili, 6 Desemba

Theluji ya kweli. Mabasi hayapandi kilima, watu wa mjini hawakuja, tulikuwa wa hapa hapa tu. Na besi wameipata.

Hakuna aliyewafundisha. Nilipoingia kwenye tuni, Keith alikuwa ameegemea ukuta pale karibu na moto, macho ameyafumba, na akaanza kushuka. Tuni inapanda, yeye anashuka, hatua kwa hatua, mpaka chini kabisa ambako baba alikuwa akienda. Wenzake wawili wakamfuata. Wanaume wa sauti za juu wakajibu kutoka mlangoni. Hakuna maneno, ni “la” na “mm” tu, na theluji inadondoka dirishani, na mimi nimekaa kwenye kona nikisikia kitu nilichotunga jikoni kikiwa na sakafu, kuta na paa ambavyo sikuvijenga mimi.

Nimerekodi na wapigaji wa kulipwa, stadi kabisa. Hakuna aliyewahi kuniwekea besi kama ile. Nililia, ndiyo. Niliinamia gitaa wakadhani nakaza uzi.

Jumatano, 9 Desemba

Denis amekuja hapa nyumbani. Plasta imetolewa, mkono umekonda, umepauka. Edna akapotea ghafla eti kuna kitu anakitafuta ghalani. Hatuna ghala.

Hakuketi. “Ile tuni ni yako,” akasema.

“Umejua lini?”

“Siku ya kwanza. Nyimbo zetu hazisiti pale kabla ya kushuka. Wewe ndiye unayesita pale. Umesita pale kwenye ‘Mnoa Visu’, umesita pale kwenye ule wa mfereji, umesita pale kwenye kila sahani uliyotoa.”

“Unazo sahani zangu?”

“Sheila anazo.”

“Sheila kaniambia hajui hata kuwasha gramafoni.”

Akakohoa. Nikamwacha akohoe. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu siku ya kile kifuniko, nikiwa na maneno ya kumwambia yaliyojaa debe, na sasa amesimama jikoni kwangu akikunja na kukunjua vidole vilivyokufa ganzi, nikaona ni mzee anayeogopa kwamba mkono hautarudi.

“Kwa nini ulifunga kile kifuniko, Denis?”

“Nilikuwa mgeni kwenye kile kinanda. Wewe unapiga kuliko mimi. Ningefanyaje? Ningekufungulia mlango uniondoe?”

Basi. Miaka yote ile, na jambo lenyewe ndilo hilo. Nikaweka birika motoni kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

“Ina maneno?” akauliza.

“Haina.”

“Iandikie. Watu hawawezi kumaliza Krismasi wakisema la-la-la.”

“Niandike, halafu Mzee Wilf aseme ni ya babu yake?”

Akanitazama sawasawa, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwetu. “Sikiliza, binti Herbert. Ukiwaambia ni yako, watanyamaza wakusikilize. Wana adabu. Usipowaambia, wataimba. Kipi unataka, amua mwenyewe.”

Ameondoka bila kunywa chai. Nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Jumapili, 13 Desemba

Nilikwenda nimeamua kuwaambia. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri, fupi, yenye utani. Nikafungua mdomo. Keith akaanza besi.

Nikafunga mdomo, nikapiga.

Alhamisi, 17 Desemba

Siku nne juu ya maneno. Edna ananipitishia chai kama mfungwa. Nimeandika kuhusu baba anavyorudi kutoka kiwandani, amepakwa lile tope la manjano la jiwe la kunolea mpaka kwenye kope, anasimama uani, hataki kuingia na uchafu, na sisi tunamngoja mlangoni na taa. Beti tatu. Wa kwanza ni huu:

Simamisha gurudumu,
cheche leo zimetosha,
juu ya bonde la moshi
nyota moja yatuosha.

Nilimsomea Edna. Akageuka kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

“Huyu hajafa,” akasema hatimaye. “Huyu amefika nyumbani.”

Jumapili, 20 Desemba

Barafu barabarani, Mzee Wilf aliletwa kwa trekta. Nimempa Denis maneno. Aliyatia mfukoni bila kuyasoma, akasema mkono bado hauna nguvu, akanunua bia. Basi nikapiga tuni, wakasema la-la-la, na hakuna lililotokea. Nimerudi nyumbani nikiwa mnyonge. Pengine hakuyapenda.

Jumatano, 23 Desemba

Nilipita nje ya nyumba ya Denis kwenda posta. Sebuleni taa zinawaka, na gari la mikate la Keith limeegeshwa mlangoni. Sheila aliniona dirishani, akavuta pazia upesi. Nimejiuliza njia nzima nimemkosea nini.

Ijumaa, 25 Desemba

Bata mzinga mkubwa kuliko oveni. Edna amemkata miguu kwa msumeno wa baba.

Jumamosi, 26 Desemba

Watu walisimama mpaka barabarani. Pauline alifungua madirisha ya chumba cha nyuma ili walio uani waimbe nao, na baridi ikaingia, na hakuna aliyejali. Nikajipenyeza na gitaa juu ya kichwa kufika kwenye kona yangu, na nilipofika nikaona Denis ameketi kwenye kinanda. Kifuniko kiko wazi.

Nikajiambia, haya, Hilary, ulishika nafasi ya mtu, mwenyewe amerudi, shukuru uondoke. Nikaanza kugeuka.

“Unakwenda wapi?” Denis akauliza, hakuinua kichwa.

“Kinanda kimerudi.”

“Mkono wa kulia una nguvu nusu. Nusu nyingine ni yako. Kaa chini, unawazibia watu moto.”

Nikakaa. Keith akataja “Daraja la Chini” na tukaanza, kinanda kikishika chini, gitaa likishika juu, na kile kipande cha pili kilipofika mwisho yeye alibaki juu na mimi nikashuka. Vikapatana, vyote viwili, vizuri kuliko kimoja. Denis aliguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Tukaenda wimbo baada ya wimbo, jasho, bia, pai zikipita juu ya vichwa, mtoto wa mtu amelala kwenye rundo la makoti. Sijawahi kupiga vile. Vidole vilikuwa vinajua njia kabla yangu.

Kwenye wimbo wa mwisho kabla ya kufunga, desturi ni mpiga kinanda ndiye anayetaja. Kila mtu anajua ni “Kisima cha Juu”, kila mwaka ni huo. Watu wakavuta pumzi.

“Staniforth!” akasema Denis.

Hakuna tuni yenye jina hilo. Hilo ni jina langu la ukoo. Tuni za hapa hupewa jina la mahali au la mtu, na mtu mwenyewe huwa marehemu siku nyingi. Nilimtazama, akawa ameshaanza, mkono wa kushoto una nguvu, wa kulia unachechemea, tuni yangu ya jikoni, polepole, kama Mzee Wilf alivyoagiza. Nikazinduka, nikamfuata.

Na wakaimba maneno. Bila karatasi. Keith, wale besi wawili, wanaume wote wa sauti za juu pale mlangoni, akina mama wa meza ya pai, Sheila, Pauline nyuma ya kaunta na kitambaa mkononi, na Edna, dada yangu asiyeweza kutunza siri hata ya keki. Wote wamekuwa wakijifunza sebuleni kwa Denis. “Simamisha gurudumu,” wakasema watu sitini, na Keith akashuka pale chini karibu na moto, na walio uani wakaokota ubeti wa pili kwa kusikia, na wa tatu ukaimbwa mpaka barabarani na watu ambao hawajui mimi ni nani. Kwenye chumba kizima mtu pekee ambaye hakuimba ni mimi. Sikuweza.

Baba, wamekuimba. Pale pale mahali pako.

Ukaisha. Hakuna makofi. Watu wakainua glasi, mtu akapenga kamasi. Sikuyakumbuka makofi hata kidogo.

Mzee Wilf akagonga fimbo. “Sasa ndivyo! Si niliwaambia ni wa zamani? Staniforth. Mimi nilimsikia babu yake huyu akiuimba kwenye kiti kile.”

Chumba kikanigeukia. Babu yangu alikuwa Mmethodisti aliyeapa kutogusa pombe, hakutia mguu kwenye baa mpaka anakufa, na nusu ya waliokuwemo wanalijua hilo. Keith akauma mdomo. Denis aliondoa mikono kwenye kinanda, akangoja. Jina langu lilikuwa limeshatajwa, na wimbo ulikuwa umeshaimbwa, na mbele yangu kuna mzee wa miaka tisini na mmoja mwenye furaha.

“Babu alikuwa na sauti nzuri, Mzee Wilf?” nikauliza.

“Mbaya sana,” akasema. “Ila kutunga alijua. Wewe jitahidi umfikie.”

“Nitajitahidi.”

Denis akafunga kifuniko taratibu, akaniegemea sikioni. “Nilikwambia usitabasamu.”

“Sitabasamu,” nikasema, na mashavu bado yananiuma ninapoandika.